Kutunga mtihani wa Kiingereza usiomwadhibu mtahiniwa kwa lafudhi yake: mwongozo kamili

Tazama swali hili la kuchagua jibu: "Your sister works in Mombasa, ___?" Mtahiniwa anapewa "doesn't she", "isn't it", "does she" na "is she". Mwongozo wa kusahihisha unakubali la kwanza peke yake. Anayechagua "isn't it" anapoteza alama, ingawa kiulizi hicho kisichobadilika hutumiwa kila siku Nairobi, Mumbai, Singapore na hata Wales, tena na watu waliosoma hadi chuo kikuu. Huwezi kusema alama hiyo imepotea kwa haki au kwa kuonewa mpaka ujue mtihani ulikuwa wa kazi gani. Kwa mtu anayekwenda kuandika tasnifu Manchester, swali lina sababu. Kwa anayeongoza watalii Arusha, halipimi chochote atakachokihitaji porini wala hotelini.

Mwongozo huu ni wa walimu, wakufunzi wa vyuo na waajiri wanaotunga mitihani yao wenyewe: wa kujiunga, wa kumaliza muhula, wa kuajiri mpokeaji wageni. Hauhitaji programu ya gharama. Unahitaji watu watatu au wanne wanaoweza kukaa meza moja na kubishana kwa heshima, na muda wa kutosha kabla karatasi hazijaenda kuchapwa.

Hatua ya 1: Andika ni nani atakayemsikiliza mtahiniwa

Kabla ya swali lolote, andika sentensi moja inayosema mtahiniwa atatumia Kiingereza chake na nani, kwa kazi gani.

Mfano bora ninaoujua wa kazi hii umetoka kwenye usafiri wa anga. Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia huko Tenerife na watu 583 wakafa. Rubani Mholanzi alikuwa ametamka "We are now at take-off", maneno ambayo mwongoza ndege alidhani yana maana kwamba ndege imesimama tayari, kumbe ilikuwa inakimbia. Mwaka 1990 ndege ya Kolombia iliishiwa mafuta karibu na New York. Marubani walisema mafuta yanakwisha lakini hawakutamka neno la kutangaza dharura. Baada ya ajali kama hizi Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilipitisha mwaka 2003 masharti ya lugha kwa marubani na waongoza ndege, yenye ngazi sita, na ngazi ya nne ndiyo ya chini inayoruhusu kufanya kazi za kimataifa.

Kipimo hicho hakimtaki rubani aongee kama mtu wa London. Kinamtaka atumie lafudhi au lahaja inayoeleweka kwa jamii ya watu wa anga. Katika ngazi ya nne, matamshi yanaruhusiwa kubeba athari za lugha ya kwanza au za eneo, mradi yazuie kueleweka baadhi ya nyakati tu. Na sharti hilo linamfunga Mwingereza na Mmarekani vilevile: rubani wa Texas anayeongea harakaharaka kwa misemo ya nyumbani kwao naye anaweza kuwa tatizo. Hapo ndipo ninapopapenda. Aliyezaliwa na lugha hapewi daraja la juu kwa kuzaliwa tu.

Fani ya afya nayo ina mtihani wake, OET, ulioanzia Australia, unaomweka muuguzi au daktari kwenye mazungumzo na mgonjwa. Katika vigezo vyake vya kuongea, kinachopimwa kwenye matamshi ni kueleweka.

Sasa rudi nyumbani. Tuseme chuo chako kinafundisha waongoza watalii Arusha. Wageni wao ni Wajerumani, Wafaransa, Waitalia, Wahindi, Wachina na Wamarekani. Sentensi yako inaweza kuwa hivi: "Mtihani huu unapima kama mhitimu anaweza kueleza safari, kutoa maonyo ya usalama na kusuluhisha malalamiko kwa mgeni wa nchi yoyote, ambaye huenda naye amejifunza Kiingereza darasani."

Sentensi hiyo itakusaidia kukata pande zote mbili. Inafukuza nahau za Uingereza ambazo mgeni kutoka Milano hazijui. Inafukuza pia Kiingereza chetu pale ambapo mgeni hatakielewa: mwambie Mjerumani kwamba rafiki yako "is tarmacking" na hatajua kwamba anatafuta kazi, mwambie "we shall alight at the next stage" na atatafuta jukwaa la maonyesho badala ya kituo cha basi. Mtihani unaoheshimu aina nyingi za Kiingereza haumaanishi kila aina inafaa kila mahali.

Hatua ya 2: Amua sanifu ya maandishi, na uitangaze

Maandishi na mazungumzo yatenganishwe mapema, kwa kuwa yana sheria tofauti. Katika maandishi, Kiingereza sanifu cha dunia kinafanana sana: gazeti la Nairobi, la Delhi na la Toronto yanatofautiana kwa tahajia, msamiati na mambo machache ya sarufi. Kwa hiyo kubali "colour" na "color", "programme" na "program", ukidai jambo moja tu: mtahiniwa asichanganye mifumo ndani ya insha moja. Na hata kuchanganya huko usikukatie alama kila mara kunapojitokeza. Kata mara moja, basi.

Maneno ya kwetu yakubaliwe pale yanapotaja kitu cha kwetu. "Shamba", "panga", "boda boda" na "matatu" katika insha kuhusu maisha ya hapa si makosa ya msamiati. Kamusi ya Kiingereza ya Oxford iliongeza mwaka 2022 maneno kadhaa ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, yakiwemo "nyama choma", "mabati" na "sambaza". Msahihishaji anayepigia mstari mwekundu neno "mabati" yuko nyuma ya kamusi.

Kuna onyo la kusikilizwa hapa. Mwaka 1990 mwanaisimu Mwingereza Randolph Quirk alitahadharisha kwamba kumwambia mwanafunzi kuwa Kiingereza cha kwao kinatosha kunaweza kumnyima nafasi ya kuhama kazi na kupanda. Braj Kachru, Mhindi aliyefundisha Marekani, alimjibu mwaka uliofuata kwa kutetea Kiingereza cha India, Nigeria, Kenya na kwingineko kuwa lugha kamili zenye kanuni zao. Nakubaliana na Kachru kuhusu lugha na nakubaliana na Quirk kuhusu mwanafunzi. Mtoto wa shule ya kata anahitaji kujua barua ya maombi ya kazi inaandikwaje kwa sanifu, na mtihani wa maandishi ndio unaomlazimisha mwalimu kumfundisha. Ninachokikataa ni kuihamisha sanifu hiyo ya maandishi kwenye mdomo wake.

Kachru ndiye aliyegawa matumizi ya Kiingereza katika duara tatu: nchi zilizo kitovu kama Uingereza na Marekani, zilizorithi kwa ukoloni na kukitumia ndani, kama Kenya na Uganda, na zinazojifunza kwa mawasiliano na nje, kama China na Brazili. Tanzania haikai vizuri kwenye mchoro huo, kwa sababu Kiswahili kimechukua bunge, soko na shule ya msingi. Usinakili mwongozo wa kusahihisha wa Nairobi ukautumia Dodoma, wala kinyume chake. Mtahiniwa wa Nairobi ana Kiingereza cha mtaani anachoishi nacho. Wa Dodoma mara nyingi anacho cha darasani.

Hatua ya 3: Chekecha "makosa"

Hii ndiyo hatua inayokula muda, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Kusanya insha na rekodi za mitihani iliyopita, andika kila "kosa" linalojirudia, kisha lipitishe kwenye maswali manne.

La kwanza: je, linajirudia kwa watu wengi waliosoma, au ni la mtahiniwa mmoja mmoja? Pekua magazeti yanayoheshimika ya kanda, nyaraka rasmi, hotuba za bungeni. Wanaisimu wamekusanya pia hazina ya matini za Kiingereza cha Kenya na Tanzania ndani ya mradi wa kimataifa unaoitwa ICE, ili jambo la aina hii liamuliwe kwa ushahidi.

La pili: je, lina kanuni? Kosa la kujifunza hutokea leo na kutoweka kesho katika insha ileile. Sifa ya lahaja hutokea kila mahali ambapo kanuni yake inaitaka.

La tatu: je, linamzuia msikilizaji wa Hatua ya 1 asielewe?

La nne: je, sentensi yako ya Hatua ya 1 inalihitaji?

Sasa chukua mifano. "Equipments", "furnitures" na "advices": zinajirudia, zina kanuni, hazimzuii yeyote asielewe. Kwenye mazungumzo usikate alama. Kwenye barua rasmi kata, ikiwa umetangaza sanifu. "Let us discuss about the budget" ni hivyohivyo. "I will pick you at the airport" bila "up" inaeleweka popote.

"He is teacher", bila "a", ni jambo jingine. Kiswahili hakina kitu kama "a" na "the", na anayejifunza huviacha hapa na kuvitia pale bila mpangilio. Hilo ni kosa la kujifunza, ingawa halizuii kueleweka. Liache liathiri kigezo cha sarufi, lisiguse kigezo cha mawasiliano.

Kisha kuna "my mother, he went to Dodoma". Kiswahili kinatumia "yeye" kwa mwanamke na mwanamume, hivyo kuteleza huku ni kwa kawaida sana. Lakini mgeni anapoteza uzi wa hadithi, hajui ni nani aliyekwenda. Na waliozoea Kiingereza hapa hawasemi hivyo. Kata.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kujibu swali la kukanusha. Mgeni anauliza mapokezi: "Don't you have a room for tonight?" Mpokeaji anajibu "Yes", kwa maana ya "ndiyo, hatuna". Mgeni anasikia kwamba kipo chumba na anaanza kushusha mizigo. Jibu hili lina kanuni iliyonyooka, linatumiwa na watu waliosoma kutoka Kampala hadi Accra, na mantiki yake haina kasoro: unaafiki kauli ya mwenzako. Linapita swali la kwanza na la pili kwa kishindo. Linaanguka kwenye la tatu. Kwa mtihani wa mapokezi ya hoteli, mtahiniwa anapaswa kuonyesha anajua kuziba pengo hilo, na namna rahisi ni kutojibu kwa neno moja: "No, I'm sorry, we are full." Kwa mtihani wa Kiingereza cha ofisini kati ya Wakenya na Waganda, jibu hilo usiliguse.

Chukua pia "Sorry", inayotolewa kwa aliyejikwaa au aliyefiwa, kama tunavyosema pole. Mmarekani anaweza kujibu "It's not your fault", lakini hakuna kilichoharibika. Usikate. Ukiona swali la kuchagua linalofanya "Sorry" kuwa jibu baya kwa mtu aliyeibiwa simu, ling'oe.

Kama mnapokea watahiniwa kutoka Kongo, Burundi au Rwanda, ongeza safu nyingine kwenye daftari lenu, kwa sababu kwa wengi wao Kifaransa kimetangulia. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuhamisha ufundishaji kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999 uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, kwa hiyo watu hawa wanazidi kuonekana kwenye vyumba vya mitihani vya Arusha na Nairobi. "Actually" kwao inaweza kuwa na maana ya "sasa hivi", na "I assisted at the meeting" kuwa na maana ya kuhudhuria. Hayo yanapotosha ujumbe na yanastahili kutazamwa. "I have thirty years" ya kutaja umri inaeleweka mara moja.

Matokeo ya uchekechaji yaandikwe kwenye karatasi moja yenye safu tatu: inakubalika, inakatwa kwenye maandishi tu, inakatwa popote. Karatasi hiyo ndiyo roho ya mwongozo wenu wa kusahihisha.

Hatua ya 4: Pitia kila swali ukitafuta lenye majibu mawili

Maswali ya sarufi ya kuchagua jibu ndiyo hatari zaidi, kwa sababu hayampi mtahiniwa nafasi ya kujieleza. Mwingereza husema "at the weekend", Mmarekani "on the weekend". Mwingereza yuko "in hospital", Mmarekani "in the hospital". "I just ate" ni sahihi Chicago na humfanya mwalimu wa kizamani wa Uingereza akunje uso. "The team is" na "the team are", "different from", "different to" na "different than": kila moja ina nchi yake. Swali likitegemea mojawapo ya haya, linapima ni filamu gani mtahiniwa alizitazama.

Mpe mtu anayejua Kiingereza cha Marekani, mwingine wa Uingereza na mwingine wa hapa hapa wajibu karatasi bila mwongozo. Popote wanapotofautiana, simama. Na usitosheke kuongeza jibu la pili kwenye mwongozo, kwa kuwa mtahiniwa aliyeyaona majibu mawili yote ni sahihi amekwisha kupoteza dakika na utulivu. Andika swali upya. Kwenye zoezi la kujaza nafasi ndani ya kifungu, orodha ya majibu yanayokubalika iandaliwe kabla, kisha iongezwe baada ya kusoma karatasi za kwanza.

Kuna aina moja ninayoishauri ifutwe kabisa: maswali ya maandishi yanayopima matamshi. Mwanafunzi anatakiwa kuandika neno linalotamkwa sawa na jingine, au kutaja neno lisilofanana kwa sauti na wenzake. "Court" na "caught" ni sawa kwa sauti London. Edinburgh na sehemu kubwa ya Marekani, ambako "r" hutamkwa, ni tofauti. Kwa wasemaji wengi wa Afrika Mashariki "bad" na "bud" zinakaribiana hadi kuwa moja. Mwanafunzi anayesikiliza kwa makini Kiingereza kinachomzunguka ndiye atakayekosa, na aliyekariri orodha atapata. Ukitaka kupima kuongea, mfanye aongee.

Hatua ya 5: Sauti za mtihani wa kusikiliza

Mitihani mikubwa imesogea kidogo. TOEIC, mtihani wa Kiingereza cha kazini, iliongeza mwaka 2006 lafudhi za Uingereza, Australia na Canada pembeni ya ile ya Marekani, na IELTS, mtihani wa wanaokwenda kusoma au kufanya kazi ng'ambo, hutumia lafudhi za nchi hizo pamoja na New Zealand. Zote ni za nchi za kitovu. Sababu yao ina uzito: utafiti wa Gary Ockey na Robert French, uliochapishwa 2016 na kuhusisha maelfu ya watahiniwa wa TOEFL, mtihani wa Kimarekani wa wanaokwenda chuo kikuu, ulionyesha kwamba lafudhi inapozidi kuwa nzito ufahamu hushuka. Mtafiti Luke Harding naye alionyesha kwamba wasikilizaji wenye lugha ya kwanza sawa na msemaji wanaweza kupendelewa katika baadhi ya maswali, ingawa si kwa makundi yote.

Wewe una uhuru ambao mitihani hiyo haina, kwa sababu unajua watahiniwa wako wataongea na nani. Chagua sauti kulingana na sentensi ya Hatua ya 1. Kwa waongoza watalii, mimi ningechukua Mjerumani, Mhindi, Mmarekani na mtu mmoja wa kanda hii. Tafuta wasemaji halisi. Mtu anayeigiza lafudhi ya Kihindi hutoa kitu ambacho Mhindi hakijui. Chagua wanaoeleweka kwa urahisi na watu wasio wa kwao, na njia ya kujua ni kuwapa watu watano wasikilize dakika moja na kuandika walichosikia. Wakipoteza zaidi ya neno moja moja, tafuta msemaji mwingine.

Ukirekodi, mpe kila msemaji kifungu kizima. Mtahiniwa anahitaji sekunde kadhaa kuizoea sauti, kwa hiyo weka utangulizi mfupi usio na swali: msemaji ajitambulishe na aseme anaongea akiwa wapi. Maswali magumu yasirundikwe kwenye lafudhi moja, la sivyo hutajua kama watu waliangushwa na maudhui au na sauti. Simu ya kawaida kwenye chumba chenye mapazia na magodoro inatosha kurekodia. Kelele za barabarani zinaumiza zaidi ya lafudhi yoyote.

Hatua ya 6: Vigezo vya kuongea

Baraza la Ulaya lilipochapisha ngazi zake za lugha mwaka 2001, zile zinazoanzia A1 hadi C2, kipimo cha matamshi kilidai yawe ya kiasili. Nyongeza iliyotoka mwaka 2018 iliandika upya kipimo hicho: hata kwenye C2, mtu anaweza kubaki na lafudhi ya lugha yake, ikiwa haizuii kueleweka. Kwa hiyo futa kwenye vigezo vyako maneno kama "kama mzawa", "lafudhi nzuri" na "matamshi ya kiasili". Hayana kipimo, na kila msahihishaji huyajaza kwa ladha yake.

Weka badala yake vitu vinavyosikika. Mwanaisimu Jennifer Jenkins, mwaka 2000, alipendekeza orodha ya sifa za matamshi zinazohitajika ili watu wa lugha mbalimbali waelewane kwa Kiingereza. Kwa wasemaji wa Kiswahili, orodha hiyo inatupa nafuu na inatupa kazi. Nafuu: "th" ikitamkwa "d" au "z" haidhuru. Kuongeza irabu ndani ya konsonanti zilizofuatana, tunavyofanya kwenye "school", hudhuru kidogo kuliko kuiacha konsonanti yenyewe. Ubora wa irabu unaweza kutofautiana mradi msemaji awe na msimamo.

Kazi: urefu wa irabu lazima usikike. "Live" na "leave", "ship" na "sheep", "fill" na "feel" zikitamkwa sawa, msikilizaji wa mbali hana cha kushika. Irabu ya "bird" nayo Jenkins aliiweka kwenye zile za kulindwa, na ndiyo ambayo Wakenya wengi huitamka karibu na "bad". Mkazo wa sentensi nao unabeba maana. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, hivyo tunahitaji kufundishwa kwamba Kiingereza huuhamisha mkazo ili kuonyesha jambo jipya. "Fifteen" na "fifty" ndizo zinazoumiza zaidi: bei, saa ya kuondoka, kilomita zilizobaki. Ningeweka jozi hiyo kwenye kila mtihani wa mazungumzo wa utalii, ndani ya kazi halisi kama kumtajia mgeni bei za safari tatu, na mtahini aandike anachosikia.

Halafu kuna wale wanaobadilishana "r" na "l". Wanachekwa sana kwetu, na kicheko hicho huingia hadi kwenye karatasi ya alama. Mtahini ajiulize tu kama alielewa. "Prease wait here" inaeleweka. Ikiwa mtahiniwa anaelezea chakula na msikilizaji amebaki kujiuliza kama ni "rice" au "lice", alama inakatwa, kwa kiasi kilekile cha kosa lolote lingine lililozuia kueleweka.

Ongeza kigezo ambacho mitihani mingi inakisahau: kurekebisha mawasiliano. Mpe mtahini maagizo ya kujifanya hakuelewa mara moja katikati ya mazungumzo. Anayerudia sentensi ileile kwa sauti kubwa apate alama ndogo. Anayebadilisha maneno, anayepunguza mwendo, anayeuliza "Do you mean the morning drive?" apate nyingi. Katika Kiingereza cha watu wa mataifa mengi, ujuzi huu una thamani kuliko sarufi iliyopigwa pasi.

Hatua ya 7: Wasahihishaji, na mashine

Sikio la mtu hulegea kwa lafudhi aliyoizoea. Utafiti wa Paula Winke na wenzake, wa 2013, ulionyesha kwamba wapimaji waliojifunza Kihispania waliwapa alama za ukarimu zaidi watahiniwa ambao lugha yao ya kwanza ni Kihispania. Kwetu hali ni hiyohiyo, na huenda pande zote mbili: mwalimu wa Mwanza anamwelewa Msukuma bila jitihada na kumpa zaidi, na mwingine anaona aibu kwa lafudhi ya kwao na kumbana zaidi.

Dawa yake ni rekodi za mfano. Chagua sita au nane zenye viwango tofauti na lafudhi tofauti, jadilini alama za kila moja hadi mkubaliane, kisha kila msahihishaji azisikilize upya kabla ya kuanza kazi. Kila mtahiniwa asikilizwe na watu wawili, na mmoja wao asiwe wa eneo lake. Wakitofautiana kwa ngazi nzima, wa tatu aamue kwa kusikiliza rekodi, bila kuziona alama za wenzake.

Ukifikiria kutumia programu inayotoa alama za kuongea yenyewe, fahamu kwamba nyingi hutegemea mashine za kutambua sauti. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulipima mashine za kampuni tano kubwa na kukuta zikikosea maneno 35 kati ya 100 kwa Wamarekani weusi, na 19 kwa Wamarekani weupe. Hao ni wazawa wa Kiingereza. Kabla ya kununua, ipe rekodi zako za mfano na ulinganishe.

Hatua ya 8: Waambie watahiniwa mapema

Karatasi ya safu tatu isifichwe kabatini. Wape wanafunzi ukurasa mmoja unaosema tahajia zipi zinakubaliwa, lafudhi zipi watazisikia, na kwamba lafudhi yao haikatwi alama isipozuia kueleweka.

Wale wanaojiandaa kwa IELTS au mtihani mwingine wa kwenda ng'ambo waambiwe ukweli wao. Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi cheti cha Kiingereza kwa viza, na hakuna nchi ya Afrika ndani yake. Mkenya aliyesoma kwa Kiingereza tangu utotoni bado anaweza kudaiwa uthibitisho. Naona si haki, lakini muuguzi anayetafuta alama 7 hawezi kusubiri orodha ibadilike. Afundishwe vigezo vya mtihani huo jinsi vilivyo, na ajue pia kwamba kwenye IELTS lafudhi haimzuii kufika ngazi za juu ikiwa inaathiri kueleweka kwa kiasi kidogo tu. Wengi hulipia madarasa ya "kuondoa lafudhi" kwa kutojua hilo.

Hatua ya 9: Baada ya mtihani, soma namba

Weka majibu kwenye jedwali la Excel, kila swali safu yake. Gawa watahiniwa katika mafungu matatu kwa jumla ya alama: juu, kati, chini. Ndani ya kila fungu linganisha makundi unayoyajali, kwa mfano waliosoma Kenya na waliosoma Tanzania, au waliotangulia na Kifaransa na wasio nacho. Watu wenye uwezo sawa wanapaswa kufanana kwenye kila swali. Ukiona swali ambalo kundi moja linaanguka katika mafungu yote matatu, lisome upya pamoja na mtu wa kundi hilo. Wataalamu wana hesabu kamili ya jambo hili, ya Mantel na Haenszel, lakini kwa chuo chenye watahiniwa mia moja au mia mbili jedwali hili linatosha kuonyesha pa kutazama. Wakiwa chini ya thelathini kwa kundi, tofauti inaweza kuwa bahati tu. Usifute swali kwa namba peke yake, tafuta sababu ndani ya maneno yake.

Sababu ikipatikana, liondoe swali kwenye hesabu ya alama za wote kabla matokeo hayajatangazwa. Kisha andika uamuzi huo kwenye faili la swali, na tarehe na sababu yake, kwa sababu mtungaji wa mwaka ujao atalikuta kwenye kompyuta ya idara na ataliona halina tatizo lolote.